Waliniambia nimwite mume wangu: gereji ya Malindi na mngurumo wa pikapu yangu

Nimekaa na hasira hii vya kutosha, leo naitoa. Kuna gereji moja hapa Malindi mjini, ina geti la mabati na shimo la saruji la kukagulia magari. Jina silitaji. Wenye magari wa hapa wengi wameshapita pale, na mimi nilikuwa nikiwapelekea wateja kwa mdomo wangu mwenyewe. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kazi yangu ni samaki. Nawachukua Ngomeni alfajiri, nawashusha Malindi, na pikapu naiendesha mwenyewe miaka yote hii. Mwanzoni mwa kaskazi, bahari ilipotulia na mashua zikawa zinarudi zimejaa, gari likaanza kunguruma. Injini sivyo, injini yangu naijua. Ulikuwa mvumo wa chini, kama mtu anasaga mahindi kwa jiwe chini ya kiti changu. Unaanza gari likiondoka na mzigo, unapoa, halafu mwendo ukifika 40 hivi unarudi, unaendelea nami mpaka nisimame. Na nikitoka rivasi kuingia gia ya kwanza nasikia ko! kama nyundo imepiga bomba.

Sikwenda gereji mikono mitupu. Nilikuwa nimeshajaribu mwenyewe kwenye lami ya Gongoni, njia ikiwa tupu. Nilitoa gia nikaliachia gari litembee kwa nguvu yake lenyewe: mngurumo haukukatika. Nilisimama nikakanyaga mafuta gari likiwa halina gia: kimya. Nikakanyaga klachi, nikaachia: kimya. Kelele inayofuata mwendo wa magurudumu na isiyojali injini inazunguka vipi, mtafute mchawi wake nyuma: mkia wa giaboksi, propela (lile bomba refu linalopeleka nguvu nyuma), difu (kile kisanduku cha gia katikati ya ekseli ya nyuma), beringi za tairi, au tairi zenyewe. Basi niliyajua hayo, na nikamweleza mwenye gereji moja baada ya jingine, kwa adabu.

Hakunitazama. Alikuwa akifuta mikono na kitambaa, akaniambia, "Mama, mambo ya difu ni marefu. Mwambie mzee aje tuongee naye."

Mzee yupi? Gari langu, pesa zangu, masikio yaliyosikia ni yangu. Mume wangu hajui hata kifuniko cha oili kilipo, wala hana haja ya kujua, maana ana kazi yake. Nikameza. Nikamwomba jambo moja tu: tupande gari, twende mpaka daraja la Sabaki na kurudi, asikie. Akasema hana haja, difu anaijua kwa mlio wake. Nami gari nilikuwa nimelizima tangu nilipoingia getini. Mlio gani aliousikia?

Kulikuwa na kijana wa spana amelala chini ya gari la jirani. Akatoa kichwa akasema, "Bosi, tungetazama senta beringi kwanza." Yaani ile beringi inayoishika propela katikati. Alifokewa mbele ya watu akatumwa dukani. Sura ya yule mtoto bado naiona.

Mtaniuliza kwa nini nikalipa. Nililipa kwa sababu samaki hawangoji. Msimu ule siku moja bila gari ni barafu iliyoyeyuka na wateja waliohamia kwa mwingine. Akaniambia difu ya mtumba itatoka Mombasa, shilingi 38,000, na mkono wa fundi 6,000. Siku mbili. Nikatuma pesa kwa simu, nikakodi probox ya watu kubebea mzigo, nayo ina bei yake.

Nilipochukua gari, sikufika mbali. Mngurumo ule ule. Si unaofanana na ule, ni wenyewe, chini ya kiti pale pale. Na juu yake kumeongezeka jambo ambalo halikuwapo: mwendo ukifika 70, gari zima linatetemeka, usukani haushiki, kiti kinanitikisa mgongo. Nikageuza. Jibu lake: "Difu ngeni hiyo, itazoea."

Hapa nataka nieleze, kwa sababu kuna mtu kesho ataambiwa difu naye ataamini. Difu inaposhutumiwa, jambo la kwanza ni kufungua plagi ya chini na kumwaga oili kwenye sahani. Vumbi laini la kijivu ni umri, kila difu linalo. Chenga zinazong'aa na vipande vya jino, hapo una kesi. Nyingi zina sumaku kwenye plagi na hushika ushahidi wote. Kisha kuna sauti yenyewe: difu mbovu kwa kawaida huimba, hulia mlio mwembamba unaobadilika ukikanyaga mafuta na ukiachia. Mngurumo wangu haukubadilika, kanyaga usikanyage. Dakika kumi zingetosha. Hakumwaga oili, hakupanda gari, hakuuliza.

Wiki hiyo hiyo, au iliyofuata, mchuuzi mwenzangu wa Ngomeni akanipeleka kwa mzee mmoja Mambrui. Gereji yake ni mwembe. Jeki mbili, vigogo vya mkoko vya kutegemezea, sanduku la spana. Nilifika nikiwa nimeshachoka na mafundi wote duniani. Nikamwamkia, "Shikamoo, ami." Akaitika marahaba, akaniuliza swali ambalo kule mjini halikuulizwa siku zote mbili:

"Wabeba nini, mwanangu?"

Nikasema samaki. Akasema, "Wa barafu?" Nikasema wa barafu. Akatikisa kichwa kidogo, akapanda kiti cha abiria, akafunga mlango, akasema twende.

Twende! Nusura nilie, wallahi. Alikaa amefumba macho, mkono ameuweka sakafuni. Kwenye njia nyoofu akaniambia nivute usukani kidogo kulia, kisha kushoto, taratibu. Akanieleza: ukivuta kulia uzito unalala kushoto, na beringi ya tairi ya kushoto kama imekwisha itapiga kelele zaidi, ukivuta kushoto itapungua. Yangu haikubadilika. Akaniambia niingie kwenye kifusi pembeni ya lami: tairi zilizolika vibaya hubadilisha sauti zikibadilishiwa njia. Yangu ikabaki ile ile. Tukarudi, akasema, "Haya, tairi si wezi."

Akanyanyua nyuma yote, akalaza vigogo. Akazungusha kila gurudumu kwa mkono mmoja, mwingine ameukumbatisha kwenye springi, maana beringi iliyokufa huisikia kwa kiganja kabla ya sikio. Safi. Halafu akajivuta chini, akashika propela katikati, akaisukuma juu. Nami nimechuchumaa pale naona: inacheza. Raba ya senta beringi imechanika duara nzima, na beringi yenyewe akiizungusha inakwaruza kama ina mchanga. Krosi ya nyuma, kile kiungo cha propela na difu, nayo ina uchezi, ndiyo ile ko! ya rivasi.

Halafu akanionyesha jambo ambalo sitalisahau. Kwenye sakafu ya nyuma ya pikapu kuna tundu dogo la kutolea maji. Chini ya lile tundu, mstari mweupe wa chumvi umeshuka juu ya chuma mpaka kwenye beringi. Maji ya barafu na chumvi ya samaki, kila asubuhi, tone kwa tone, yakiangukia pale pale. Beringi ile imefungwa kiwandani, haitiwi grisi; ikishanywa maji ya chumvi imekwisha. Ndiyo maana aliuliza nabeba nini. Dawa yake, baada ya kubadilisha, ilikuwa kipande cha mpira wa maji alichokichomeka kwenye tundu na kukipeleka nyuma hadi bampani. Mpira wa maji! Tangu siku hiyo hakuna tone linalogusa propela.

Na ule mtetemo wa 70? Propela ya vipande viwili kama yangu hutiwa alama kabla haijachomolewa, kwa rangi au kwa patasi, ili uma za krosi zirudi zikilingana kama zilivyokuwa. Kule mjini waliichomoa kufunga difu yao wakairudisha kibubusa, meno yamepishana. Ami aliitoa, akailinganisha, akaipaka alama ya rangi nyeupe, akanionyesha ili mwingine akija kuifungua nimsimamie. Beringi, krosi na kazi yote: shilingi 9,500. Nilikwenda nyumbani naendesha 80 na redio imezimwa, nasikiliza ukimya.

Nisimsifu mpaka nikadanganya. Ami ni mzito. Nilifika asubuhi nikaondoka magharibi imeshaadhiniwa, beringi ilibidi mjukuu wake aifuate Malindi kwa bodaboda, na simu yake hapokei hata ukipiga mara kumi. Mwenye haraka atateseka pale. Lakini mimi nitateseka na mtu anayenisikiliza.

Na ile gereji ya mjini, kwa haki, niseme: breki walinitengenezea mwaka wa nyuma na hazijanisumbua. Vifaa wanavyo. Yule kijana ni fundi tayari, aliijua beringi bila kuinuka pale chini, na siku akifungua kibanda chake mimi ni mteja wa kwanza. Nilipoanza kuandika nilitaka kusema kwa breki nendeni, kwa vinginevyo msiende.

Lakini kuna hili. Ami aliponiuliza difu yangu ya zamani iko wapi, tumwage oili yake tuone, ndipo nikashtuka kwamba sikuichukua. Huenda ilikuwa imechoka kweli, ina umri, siwezi kuapa. Lakini ni yangu! Nikarudi kuiomba. Mwenye gereji akaniambia vyuma chakavu vyote walishauza, na kwamba mambo hayo alitaka kuyamaliza na mzee tangu mwanzo. Mara ya pili! Pesa yangu ameishika, difu yangu ameishika, na bado anamtafuta mume wangu.

La. Hata kwa breki, msiende. Naifuta ile kauli.

Na kama kuna mtu Malindi au Mombasa ameuziwa difu ya mtumba ya pikapu hivi karibuni, aitazame karibu na plagi ya oili. Kaka yangu alipokuwa akipaka mashua rangi kando ya gari, tone kubwa la bluu liliruka likakaukia pale, na halijatoka tangu siku hiyo. Ukiliona, niambie uliinunua wapi. Wewe sikudai kitu. Nataka tu kwenda pale getini na jibu mkononi.