Katadyn PowerSurvivor 40E: siku 17 baharini, Mindelo mpaka Barbados

Nimerudi Mombasa juzi na mabaharia wenzangu wa kazi za kuhamisha boti wananiuliza hii mashine ya kutoa chumvi kwenye maji ikoje, haya nawaambia. Tulikua wanne kwenye boti ya tanga ya mita 12, tumetoka Mindelo kule Cabo Verde mpaka Barbados, maili elfu 2 na ushee, upepo wa kaskazini-mashariki nyuma yetu karibu njia nzima, yaani kaskazi isiyokatika, na lile joto la huko ukishuka chini hulali, unakunywa maji tu.

Inakula volti 12, ampea 4, inatoa lita 5 na nusu hivi kwa saa. Wengi wanaiona ndogo, lakini pigeni hesabu, saa 6 kwa siku ni lita 33, kila mtu 8 za kunywa na kupikia, na umeme uliokwenda sola inaurudisha. Kuoga tulioga maji chumvi, ya mwisho ndo kikombe cha maji yasiyo na chumvi.

Shida ni sola yenyewe. Siku za mwanzo vumbi jekundu la Sahara limeganda juu ya paneli, kila asubuhi tunafuta, na alasiri jua likishukia magharibi tanga linatia kivuli. Siku ya 11 mawingu kutwa na mvua za ghafla, betri zikalala. Sasa hapa ndo nilipoipenda kabisa, unatia mpini wake unapiga pampu kwa mkono! Zamu za nusu saa, mabega yanawaka moto, maji yanatoka kama uzi lakini yanatoka, matamu. Zile kubwa za umeme mtupu betri zikifa hamna kitu.

Bandarini msiiwashe, mafuta yanaua chujio la ndani, na klorini ya maji ya mfereji inaliua vilevile, na kama hamuitumii wiki kadhaa itieni dawa yake. Maji ya kwanza mwaga, onja, ndo utie tangini.

Bei ni maelfu ya dola, inauma kweli, ila mimi boti isiyo na mpini wa mkono sivuki nayo tena. Madumu ya akiba tulibeba, lita 120, na tumefika Barbados hatujafungua hata moja, nahodha akayatumia kuoshea chumvi tanga.