Kigari cha mkono wa pili: kasoro za kuzaliwa na kasoro za malezi

Nimekaa na gari hili miaka miwili na nusu. Nililinunua mapema 2023 likiwa na umri wa miaka tisa na kilomita 86,000. Leo asubuhi lilikuwa linasoma 127,300. Ni hachibeki ya milango mitano, injini ya petroli ya lita 1.0 yenye silinda tatu, giaboksi ya otomatiki aina ya CVT (ile ya mkanda na puli), tairi za inchi 14. Lilipotoka kiwandani lilikuwa miongoni mwa magari ya bei ya chini kabisa ya mtengenezaji wake, na ukiingia ndani unaliona hilo mara moja: plastiki ngumu kila unapogusa, vioo vya milango ya nyuma vya kuzungusha kwa mkono, spika mbili tu.

Kabla sijanunua nilitafuta sana mtu wa kunieleza kasoro za gari la namna hii bila kunitisha wala kunibembeleza. Nilichopata ni orodha ndefu ambamo kelele za barabarani zimewekwa kapu moja na giaboksi kufa. Baada ya kuishi nalo naona mambo hayo mawili hayana undugu. Kuna kasoro ambazo gari limezaliwa nazo: injini ndogo, milango myembamba, buti dogo. Hizo utazihisi siku ya kwanza ukilijaribu, na hazitazidi hapo. Halafu kuna kasoro za malezi, yaani yale ambayo mwenye gari aliyetangulia aliyafanya au hakuyafanya. Hizo ndizo zinazokula pesa, na hazionekani kwa kulizunguka gari ukipiga teke tairi.

Gari la kwanza nililokwenda kuliona sikulinunua. Lilikuwa mtindo huuhuu, jipya zaidi kwa mwaka mmoja, linang'aa, odometa inasoma 62,000. Nilikuwa nimeshalipenda. Fundi niliyekwenda naye, mzee aliyeshika spana tangu enzi za kabureta, hata boneti hakugusa. Alifungua mlango wa dereva, akachuchumaa, akaniita nitazame kanyagio la breki. Raba ilikuwa imelika upande mmoja mpaka mistari yote imefutika, na kwenye pembe chuma kinachungulia. Akapitisha kidole juu ya usukani, pale ambapo mikono hukaa. Plastiki ilikuwa imeteleza na kung'aa kama kokoto ya mtoni. "Mwanangu," akasema, "mguu hauli raba hivi kwa kilomita elfu sitini." Muuzaji alipoulizwa kitabu cha sevisi akasema kimepotea. Tukaaga.

Hili la pili tulifika mchana. Fundi aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo kidogo, kisha akamwomba muuzaji kwa heshima asiliwashe tena mpaka kesho yake asubuhi tutakaporudi. Boneti ilikuwa ya moto. Mtu anaweza kuwa ametoka nalo dukani tu, sikatai, lakini injini iliyokwishapata moto huficha mengi. Cheni ya taimingi iliyolegea hupiga kelele sekunde chache za mwanzo, kabla oili haijapanda na kuikaza. Injini inayopitisha oili hutoa moshi wa samawati inapowashwa baada ya kulala usiku kucha. Ukikuta imeshachemka, hayo yote yamekupita. Kesho yake tulilikuta baridi. Likawaka kwa starta moja, cheni ikalia kwa muda mfupi kuliko kupiga kofi, moshi haukuonekana. Tulipofungua kifuniko cha kujazia oili, ndani palikuwa na rangi ya chai, si ule utando mweusi mzito kama lami unaoachwa na mtu anayesahau kumwaga oili.

Kisha fundi akachomeka kifaa cha kusoma kompyuta. Magari ya petroli yana tundu la kukichomekea, la pini 16, chini ya dashibodi kwa lazima ya sheria tangu 1996 Marekani na 2001 Ulaya, kwa hiyo karibu gari lolote utakalonunua leo linalo. Wengi wanaangalia tu kama kuna misimbo ya hitilafu. Mzee aliniambia tazama pia kama majaribio ya ndani ya mfumo yamekamilika. Mtu akifuta misimbo asubuhi ili taa ya injini izimike, majaribio hayo yanarudi sifuri, na gari linahitaji kuendeshwa siku kadhaa ndipo yakamilike tena. Ukikuta hakuna hitilafu hata moja lakini majaribio karibu yote hayajakamilika, kuna kitu kimefutwa. Letu lilikuwa limekamilisha yote.

Nikalipa, nikaondoka na furaha zangu. Tulikuwa tumeacha mambo mawili.

La kwanza ni tairi. Zilikuwa na kashata nene (ile mikato inayoshika barabara), hazijalika hata nusu, nikaona hapo nimeokoa. Siku ya tatu mvua ilinyesha, nikakanyaga breki nikikaribia makutano kwa mwendo wa kawaida kabisa. ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, ikaanza kunitetemea mguuni na gari likaendelea kwenda. Lilisimama pua ikiwa imevuka mstari, na dereva aliyekuwa akipita mbele yangu akanitazama kwa namna ambayo sitaisahau. Jioni niliinama nikatafuta tarakimu nne zinazomalizia maandishi ya DOT, ule msimbo wa kiwandani ulio ubavuni mwa tairi: 1216. Maana yake wiki ya 12 ya mwaka 2016. Tairi zilikuwa na miaka saba, mpira umekauka na kuwa mgumu, kashata ile nene haikuwa na faida yoyote kwenye maji. Nilibadilisha zote nne wiki ileile. Ukweli ni kwamba ningeweza kuzisoma zile tarakimu siku ya ukaguzi kwa dakika moja.

La pili ndilo lililoniuma. Kama mwezi wa nne hivi gari lilianza kutetemeka linapoondoka kutoka kwenye kusimama, hasa kwenye foleni, kati ya mwendo wa kilomita 10 na 25 kwa saa. Si mtikisiko mkubwa. Ni kama mtu anayeendesha baiskeli juu ya mbao zilizopangwa. Nilidhani ni raba zinazoshikilia injini, kwa sababu injini ya silinda tatu hucheza kwa asili yake, na raba zikizeeka unaisikia mpaka kwenye kiti. Fundi akaendesha mzunguko mmoja, akarudi, akasema ni giaboksi.

CVT haina gia za kuhesabu. Ina puli mbili zinazopanuka na kubana, na kati yake mkanda wa chuma unaopeleka nguvu. Kinachouwezesha ule mkanda kushika bila kusagika ni mafuta yake maalumu, wala si mafuta yoyote ya otomatiki yaliyopo rafuni. Nilipomuuliza muuzaji kuhusu mafuta hayo alikuwa amenijibu kwamba hayabadilishwi, ni ya maisha yote ya gari. Naamini alisema hivyo kwa nia njema, maana hata baadhi ya vitabu vya magari haviweki muda wa kuyabadilisha. Lakini mafundi wanaofungua giaboksi hizi kila siku hukuambia uyabadilishe kila baada ya kilomita 40,000 hadi 60,000, na langu lilikuwa limefika 90,000 bila kuguswa.

Fundi alifungua sinia ya chini. Mafuta yalitoka meusi, yananuka kuungua. Ndani ya sinia kuna sumaku ndogo za kunasa unga wa chuma. Alizichomoa na kunipa moja mkononi. Ilikuwa imefunikwa na ute wa kijivu, mzito kama dawa ya meno. Akaniambia nisugue kati ya vidole. Nilisugua nikitarajia kuchomwa. Ulikuwa laini kabisa, hauna chembe. "Hapo una bahati," akasema. Unga laini ni kulika kwa kawaida, japo wangu ulikuwa mwingi. Vipande vinavyokwaruza vidole ni mkanda au puli zinazovunjika, na hapo hakuna tena suala la mafuta. Alibadilisha mafuta na chujio, nikaendesha kilomita elfu moja, akabadilisha mafuta tena, kwa sababu mara moja haitoi yote. Mengine hubaki ndani. Gharama ya kazi hiyo ilikuwa kama mara nne ya sevisi yangu ya kawaida, na hata hivyo ni kidogo mno ukilinganisha na giaboksi nyingine, ambayo kwa gari langu ingemeza theluthi nzima ya pesa niliyonunulia. Mtikisiko ulipungua sana. Haukuisha. Asubuhi za baridi bado nausikia kidogo, na ninaondoka taratibu.

Sasa zile kasoro za kuzaliwa. Nguvu ni ndogo, hilo usijidanganye. Ukiwa peke yako mjini hulioni. Linachomoka vizuri, linageuka mahali padogo, linaingia kwenye nafasi za kuegesha ambazo wengine wanazipita. Pakia watu wazima wanne na mizigo, washa kiyoyozi, kisha lipeleke mlimani. Mshale wa mizunguko unapanda hadi 4,500 na kukaa hapohapo, kwa sababu ndivyo CVT inavyofanya kazi, injini inanguruma sauti moja isiyobadilika, na spidi inashuka kutoka 80 hadi 60 huku ukikanyaga. Kupita lori kwenye barabara ya njia mbili nimejifunza kupiga hesabu upya: nasubiri nafasi iliyo mara mbili ya ile niliyokuwa nikiikubali na gari la zamani la kaka yangu, na ikiwa sina hakika, nabaki nyuma ya lori. Anayesafiri safari ndefu za milima kila wiki na familia, kwa kweli simshauri.

Kelele zipo pia. Ukipita kilomita 90 kwa saa, tairi na upepo vinaingia ndani na mazungumzo yanakuwa ya kupaza sauti. Mvua kubwa ikipiga juu ya bati la paa, simu huwezi kupokea. Mama yangu, ambaye hukaa nyuma tukienda naye, huniambia magoti yake yanagusa kiti cha mbele. Yeye si mrefu. Buti haliingizi begi kubwa la safari na kigari cha mtoto kwa pamoja, lazima uchague au ulaze kiti.

Kinachonikosesha raha zaidi ni usalama. Langu lina mifuko ya hewa miwili tu, ya mbele, na halina ESC, ule mfumo unaobana breki ya gurudumu mojamoja gari linapoanza kuteleza kwenye kona. Ulaya iliufanya lazima kwa kila gari jipya kuanzia Novemba 2014, na Marekani kuanzia modeli za 2012. Kabla ya hapo, kwenye magari madogo ya bei nafuu mara nyingi uliuzwa kama nyongeza, na wanunuzi wengi hawakuilipia. Ningekuwa nanunua leo, kati ya magari mawili yanayofanana ningechukua lenye ESC hata kama lina kilomita 30,000 zaidi. Kilomita unaweza kuzitunza kwa oili safi. Mfumo ambao haupo haufungwi baadaye.

Mafuta ndipo gari hili linapolipa deni lake. Nimeandika kila ujazo tangu siku ya kwanza: wastani ni lita 6.4 kwa kilomita 100, yaani kilomita 15 na ushee kwa lita moja, mjini na safari kwa pamoja. Kitabu kinadai chini ya lita 5. Usishangae, kwani takwimu za magari ya umri huu zilipimwa maabara, kwa mwendo wa upole ambao hakuna dereva anayeufuata. Tairi za inchi 14 ni rahisi kuzipata, pedi za breki zinabadilishwa ndani ya saa moja, plagi ni tatu tu badala ya nne. Mbali na giaboksi na tairi, nilichobadilisha kwa miaka miwili na nusu ni betri, busi (raba za maungio) za mkono wa chini wa gurudumu upande wa kushoto, na mafuta ya breki, ambayo hufyonza unyevu wa hewa na yanapaswa kubadilishwa kila miaka miwili hata kama gari haliendi mbali.

Wanaoniuliza kama ningelinunua tena nawajibu ndiyo, ila si kwa bei ileile. Ningesisitiza nione risiti ya mafuta ya giaboksi, na kama haipo ningepunguza kwenye bei gharama ya kuyabadilisha mara mbili pamoja na tairi nne mpya, mbele ya muuzaji, kabla ya kupeana mikono. Alikuwa anataka kuuza, nadhani angekubali.

Mafuta ya giaboksi yatabadilishwa tena likifika kilomita 135,000. Nimeomba fundi aniwekee ile sumaku kabla hajaifuta, niisugue mwenyewe.