Karatasi za LH madukani Mombasa: zinafaa nani, zinakosea wapi

Mtu akiingia duka la dawa Mwembe Tayari au Bamburi kuulizia "kipimo cha siku za yai", asome bahasha kabla ya kulipa. Ya yai imeandikwa LH, ya mimba imeandikwa hCG, na kwa macho zinafanana kama pacha.

LH ni homoni ambayo tezi iliyo chini ya ubongo huimwaga kwa wingi ili kuamuru yai litoke. Tangu ipande hadi yai kutoka ni kama saa 24 hadi 36. Nyani jike hana haja ya karatasi: makalio yake huvimba siku hizo zikikaribia, hata mpita njia akajua. Kima na tumbili wa Diani hawaonyeshi kitu, na binadamu yuko upande wao.

Kwa kazi moja ya kuonyesha LH ikipanda, karatasi hizi ni nzuri, na zile za bei rahisi zinatosha. Vipimo vya umbo la kalamu ya plastiki vina karatasi ileile ndani.

Siku ya kuanza: chukua mzunguko mfupi kuliko yote ya karibuni, toa 17. Wa siku 28 aanze siku ya 11, akihesabu tangu damu ilipoanza. Apime kila siku, mchana au alasiri, si mkojo wa alfajiri, kwa kuwa LH mara nyingi hupanda asubuhi na huchelewa kufika kwenye mkojo. Saa 2 kabla ya kupima asinywe maji mengi. Madafu nayo ni maji. Achovye bila kupita mstari wa MAX kwa muda ulioandikwa, ailaze, asome baada ya dakika 5. Ikishapita dakika 10 aitupe.

Hapa ndipo wengi hukosea. Katika kipimo cha mimba mstari hafifu huhesabiwa, hapa hauhesabiwi. Mstari wa T (wa jibu) sharti ulingane kwa rangi na wa C (wa kuhakiki karatasi) au uuzidi. C isipotokea, karatasi imeharibika. Jibu likipatikana, siku hiyo na inayofuata ndizo za kukutana, kwani yai huishi saa 12 hadi 24 tu.

Kasoro kubwa ni kwamba karatasi husoma amri, haisomi utekelezaji. Wenye ovari zenye vifuko vingi huwa na LH ya juu siku nyingi, nao hupata "ndiyo" za uongo. Sindano ya hCG inayotolewa kliniki za uzazi nayo huidanganya.

Mengi ya haya yalieleweka kupitia rhesus, kima wa Asia mwenye hedhi na mzunguko wa siku 28 hivi, jambo ambalo panya hana. Miaka ya 1970 mtafiti Ernst Knobil na wenzake huko Pittsburgh, Marekani, walionyesha kwamba tezi hiyo huhitaji kuchochewa kwa vipindi, kama mara moja kwa saa. Kichocheo kikitiririka bila kukoma, LH hushuka. Dawa za kutuliza endometriosisi (utando wa ndani ya mji wa mimba kuota nje yake), na zile za kuzuia yai lisitoke mapema katika upandikizaji wa mimba, zilijengwa juu ya hilo.

Halafu joto letu. Bahasha nyingi husema nyuzi 2 hadi 30, na Kaskazi ya Mombasa huvuka hapo bila kuuliza. Rafu inayopigwa na jua, ipite. Nyumbani usiziweke bafuni. Bahasha ifunguliwe wakati wa kupima tu, maana unyevu ukiingia mistari hufifia.

Mizunguko ikipita bila mimba, asiendelee kununua tu: mwaka 1 kwa aliye chini ya miaka 35, miezi 6 kwa aliyefika umri huo, aende kwa daktari. Na mume apimwe mbegu mapema, kipimo hicho hakimchomi sindano.