Uzoefu wangu na risasi 1,000 za 9mm zilizojazwa upya kwa ajili ya mashindano

Mimi ni Mtanzania ninayeishi Texas, Marekani, na kwa miaka minne sasa nashiriki mashindano ya bastola yanayofuata kanuni za USPSA, chama cha kulenga shabaha kilichoanzishwa mwaka 1984. Mchezo huu unakula risasi. Nikijiandaa kwa mashindano makubwa natumia kati ya 800 na 1,000 kwa mwezi, na ndiyo sababu mwaka 2024 nilivutiwa na kampuni moja ndogo iliyokuwa ikiuza risasi za 9mm zilizojazwa upya, zenye kichwa cha uzito wa greni 147 (kama gramu 9.5), kwa dola 215 kwa kila 1,000 pamoja na usafirishaji. Risasi mpya za kiwandani nilizozizoea zilikuwa zinanigharimu dola 265. Tangazo lao lilisema kwamba kila risasi hupitishwa kwenye geji, kifaa cha kukagua vipimo vyake, kabla ya kufungwa, na kwamba zimetengenezwa mahususi kwa wanamashindano. Niliamini, nikalipa.

Kwa msomaji asiyezifahamu, risasi moja ina sehemu nne: ganda la shaba ya njano, fataki iliyo chini ya ganda, baruti iliyo ndani, na kichwa kinachoruka. Ganda ndilo pekee linalobaki zima baada ya kufyatuliwa, na linaweza kusafishwa, kurudishwa katika umbo lake, kuwekewa fataki mpya na kujazwa tena mara kadhaa. Hakuna ubaya wowote katika kazi hiyo ikifanywa kwa uangalifu, na wachezaji wengi bora wa hapa hujijazia wenyewe nyumbani. Ninayoyaeleza hapa ni ya mzigo mmoja nilioununua kwa pesa yangu.

Risasi 200 za kwanza nilizitumia mazoezini na zilinisumbua mara tatu, kila mara kwa namna ileile: fataki ilipigwa bila kuwaka, nikaifyatua mara ya pili ikawaka. Nilidhani springi ya bastola imechoka, nikaibadilisha. Sasa najua kwamba nilikuwa nimeonywa.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda nazo kwenye mashindano ya mwezi. Hatua ya tatu, yaani zoezi la tatu kati ya yale yanayounda mashindano, ilikuwa ya risasi 24, yaani pointi 120, na nilikuwa nikienda vizuri kuliko nilivyowahi kwenda mwaka ule. Kwenye risasi ya tisa, badala ya mlio niliouzoea, nilisikia kishindo hafifu kama cha chupa ya soda inayofunguliwa, na mkono haukuhisi msukumo wowote. Mwili ulifanya ulivyozoezwa: kiganja kikagonga kitako cha magazini, mkono ukavuta sehemu ya juu ya bastola nyuma na kuiachia, risasi nyingine ikaingia chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, kidole kikaelekea kwenye kifyatulio. Msimamizi, mzee mmoja aliyekuwa amesimama hatua moja nyuma ya bega langu, alipaza sauti kuniamuru nisimame, nami nikasimama.

Tulipoitoa ile risasi na kuifungua bastola, mtutu haukupitisha mwanga. Kichwa cha risasi ya tisa kilikuwa kimekwama ndani yake, sentimita nne hivi mbele ya chemba. Ganda lake lilikuwa na masizi membamba ya fataki tu, na hapakuwa na hata punje moja ya baruti isiyoungua, si ndani ya ganda wala ndani ya mtutu. Risasi ile haikuwahi kutiwa baruti. Fataki peke yake ndiyo iliyokisukuma kichwa hadi pale. Kama ningefyatua ile iliyokuwa inafuata, kichwa cha pili kingekigonga cha kwanza ndani ya mtutu uliozibwa, na mtutu ungeweza kuvimba au kupasuka mikononi mwangu. Kwa kanuni za mchezo, msimamizi anapomsimamisha mchezaji kwa shaka ya namna hiyo na kichwa kikakutwa kweli kimekwama, harudii hatua hiyo. Shabaha zilizobaki zilihesabiwa kuwa zimekoswa, na hatua nzima nikapata sifuri. Sifuri hiyo siilalamikii. Bado namshukuru yule mzee kwa masikio yake.

Nyumbani nilikizibua kile kichwa kwa fito la shaba na nyundo, nikaukagua mtutu, nikauona mzima. Kisha nikazimwaga mezani risasi zote zilizobaki, 740, na kuzipitisha moja moja kwenye geji, ambayo ni kipande cha chuma chenye tundu la vipimo vya chemba: risasi nzuri inazama hadi usawa wa ukingo na kutoka yenyewe ukiigeuza. Kazi ile ilinichukua jioni mbili. Risasi 61 zilishindwa geji au zilionyesha kasoro kwa macho, katika mzigo ambao tangazo lilisema kila risasi yake imepimwa.

Nyingi kati ya hizo, 27, zilikuwa zimevimba karibu na kitako, jambo linalotokea ganda likiwa limepanuka katika bastola iliyotangulia na halikubanwa vya kutosha liliporekebishwa. Tisa zilikuwa na mdomo uliobaki umetanuka. Sita zilikuwa na ufa. Tatu ziliingia kwenye geji kirahisi mno na kuzama kupita ukingo, na nilipozigeuza nikasoma chini yake maandishi 380 AUTO. Hayo si maganda ya 9mm kabisa: urefu wake ni milimita 17.3 badala ya 19.15, na mtu aliyekuwa akiyachambua alipaswa kuyatoa kabla hayajafika kwenye mashine.

Zilizonishughulisha zaidi ni 16 zenye kasoro ya fataki. Mbili zilikuwa zimewekwa fataki kichwa chini miguu juu, na 14 fataki zake zilijitokeza nje ya kitako, kiasi kwamba risasi ikisimamishwa mezani inayumba. Fataki inatakiwa ikae ndani kidogo ya usawa wa kitako, kama sehemu ya kumi ya milimita. Ikiwa nje, pigo la kwanza la pini huishia kuisukuma mahali pake, na pigo la pili ndilo huiwasha. Hapo nikaielewa ile springi niliyoibadilisha bure. Nikatazama maganda yake kwa kioo cha kukuzia: tisa kati ya 14 yalikuwa na duara lenye msalaba ndani, alama ya NATO. Maganda ya kijeshi huwa yamebanwa kuzunguka fataki ili isitoke, na mbano huo lazima uondolewe kabla ya kuweka fataki nyingine, ama sivyo fataki mpya haiingii hadi mwisho.

Nina rafiki, Mkenya kutoka Mombasa, anayejijazia risasi kwa mashine ya hatua nyingi, ile ambayo kila mkono wa mashine unaposhushwa na kurudishwa ganda moja linawekewa fataki, la pili linatiwa baruti na la tatu linapewa kichwa. Nilimpelekea zile 16 pamoja na ganda la risasi iliyokwama. Alizitazama kidogo tu, akasema: "Ndugu yangu, hizi fataki na hiyo baruti iliyokosekana ni kosa moja." Akanionyesha kwenye mashine yake. Ganda lenye mbano likifika mahali pa kuwekewa fataki, mkono unagoma. Mtu mwenye haraka anaurudisha nusu, analitoa ganda lililogoma, na anaendelea bila kuangalia maganda mengine yamefikia wapi. Kutegemea alipokomea, ganda la jirani linaweza kupita bila baruti, au likatiwa mara mbili. Kipimo kinachotumika kwa risasi kama hizi ni kidogo sana kulinganisha na nafasi iliyomo ndani ya ganda, kwa hiyo hata kikiwekwa mara mbili hakimwagiki, na asiyechungulia hawezi kujua. Mwisho wa shinikizo unaoruhusiwa kwa 9mm ya kawaida ni pauni 35,000 kwa inchi ya mraba. Baruti maradufu huupita mbali.

Nilimuuliza kama ningeweza kuzitambua zenye kasoro ya baruti kwa kuzipima uzito. Alitikisa kichwa. Maganda ya mzigo ule yalikuwa ya viwanda mbalimbali na uzito wake ulitofautiana kwa greni kadhaa, wakati baruti yenyewe ni greni tatu na kidogo. Tofauti ya maganda inaimeza tofauti ya baruti.

Kuhusu ubora wa kawaida, nilipiga risasi 20 zilizopita geji mbele ya kronografu, kifaa cha kupima kasi ya risasi. Mchezo huu hupima nguvu kwa kuzidisha uzito wa kichwa katika greni na kasi katika futi kwa sekunde, kisha kugawa kwa 1,000, na daraja langu linataka angalau 125. Wastani ulikuwa futi 889, yaani nguvu ya 130.7, sawa kabisa na walivyotangaza. Lakini ya chini ilitoka kwa futi 836 na ya juu kwa 941, tofauti ya 105, wakati risasi zangu za kiwandani zilitofautiana kwa 34 siku hiyohiyo. Ile ya 836 ni nguvu ya 122.9. Kwenye kipimo rasmi ningepita, kwa sababu tatu za kwanza zisipofikia kiwango hupigwa tatu nyingine na huchukuliwa wastani wa tatu zenye kasi kubwa zaidi. Mkononi ni habari nyingine: nukta nyekundu ya kulengea iliyo juu ya bastola iliruka tofauti kila mara, na sikuweza kuzoea irudi lini. Kwa yadi 25, nikiwa nimeegemeza mikono, risasi kumi zilitawanyika sentimita 14, na eneo A, lile la pointi nyingi zaidi katikati ya kifua cha shabaha, lina upana wa sentimita 15. Za kiwandani zilikaa ndani ya sita.

Jambo la mwisho nililolipima ni jinsi kichwa kilivyoshikwa. Risasi tano za urefu wa milimita 28.6 niliziingiza chembani mara mbili kila moja bila kuzifyatua, na mbili kati yake zilirudi zikiwa 27.4 na 27.6. Kichwa kinachosukumwa ndani hivyo hupunguza nafasi ya baruti na kupandisha shinikizo, na katika ganda dogo kama la 9mm milimita moja si jambo dogo.

Nilimwandikia muuzaji, nikamtumia picha na hesabu zote. Alijibu kwa adabu, siku ya tatu, kwamba tukio la kichwa kukwama ni la nadra, na akanirudishia dola 13, thamani ya risasi 61. Posta ya Marekani haipokei risasi, kampuni binafsi zinatoza sana, na yeye hakutaka zirudi. Kuhusu madai ya kupima kila risasi hakujibu neno, ingawa nilimuuliza mara mbili. Ukimya huo uliniudhi kuliko zile dola, maana mtu anayenunua risasi ananunua hasa neno la aliyezijaza.

Nampa nyota moja kati ya tano, na hiyo moja ni kwa ajili ya wastani wa kasi uliokuwa wa kweli. Sitazitumia mashindanoni wala mazoezini, kwa kuwa geji haioni baruti. Mimi na rafiki yangu tunazifungua Jumapili jioni kwa nyundo ya kung'olea vichwa, kila baruti tukiitia kwenye mizani. Tumeshafungua 310. Nyingi zina greni 3.2 hadi 3.4. Wiki iliyopita tulipata moja yenye 6.5.