Waliniuzia stroberi za chupa, wakasema zimeshakomazwa

Kama unataka kununua miche ya stroberi ya tishu, yaani ile inayooteshwa maabara ndani ya chupa, hapa Mbeya, muulize muuzaji kabla hujatoa hela: hii imetoka kwenye chupa lini?

Mimi niliambiwa imekomazwa tayari, yaani imeshazoeshwa hewa ya nje, kazi yangu ni kupanda tu. Nikaipeleka shambani Isyonje, na baridi ya kule Juni na Julai mnaijua, pamoja na ule upepo mkavu na jua la mchana. Haikupita muda majani yote yamelala chini kama mchicha uliomwagiwa maji ya moto.

Nikachimbua mmoja. Jeli ya maabara bado imeng'ang'ania kwenye mizizi! Vimizizi vyenyewe vyeupe, laini, ukivigusa vinakatika. Mche wa chupa umelelewa kwenye unyevunyevu mtupu. Jani lake halina nta ya kutosha, na matundu yake ya kupumulia hayajazoea kujifunga, kwa hiyo ukiutoa nje ghafla unakauka hata kama udongo umelowa. Ndiyo maana huoshwa jeli yote isije ikaota ukungu, ukapandwa kwenye trei kivulini, ukafunikwa nailoni, halafu nailoni ikafunuliwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa mpaka mche uzoee hewa na utoe mizizi mipya. Hiyo ndiyo kazi niliyoilipia.

Nikautia kwenye mfuko, nikarudi nao kwa walioniuzia. Dada wa mapokezi hakuinua hata macho kwenye simu. "Mama, miche ilitoka hapa mizima. Itakuwa hujui kumwagilia." Mimi! Nimelima viazi na kabichi tangu sijaolewa. Nikamwambia, binti yangu, angalia basi hii mizizi. Hakuangalia. Akasema bwana shamba hayupo, nije siku nyingine. Nikaja siku nyingine, hayupo.

Kusema haki, kijana wa kitaluni alinifuata getini, akautazama ule mche, akanyamaza kidogo, kisha akanielekeza: ng'oa yote iliyobaki, osha mizizi kwa maji safi, rudisha kwenye trei chini ya nailoni, na ukiipanda usifukie kitovu cha mche, pale majani yanapochipukia, maana kitaoza. Nimefanya hivyo. Na michache iliyopona, jamani, ni stroberi haswa! Majani mapya manene, hayana doa hata moja. Ile tunayogawiana majirani huja na magonjwa yake yote. Kwa hiyo na miche ya tishu yenyewe sina ugomvi kabisa.

Nilikuwa nimeandika msikanyage pale, nimefuta. Maabara yao inajua kazi. Ila nikikumbuka lile la "hujui kumwagilia" damu inachemka upya. Risiti ninayo, imeandikwa "miche iliyokomazwa", na hela yangu naitaka. Tishu nitanunua tena, lakini si kwao. Au labda kwao, siku nikimkuta yule kijana ndiye anayeuza.