Iodidi ya samariamu(II) ya chupa: nzuri, ila ipimeni kabla ya kuiamini

Kwa anayehitaji SmI₂ (iodidi ya samariamu(II), inayotumika maabarani kuzipa molekuli nyingine elektroni) mara mojamoja, myeyusho wa 0.1 M (mol 0.1 kwa lita) ndani ya kiyeyushi THF (tetrahidrofurani) unaouzwa tayari unafaa kununuliwa. Msitafute uliokolea zaidi, kwani THF haiyeyushi chumvi hii kupita hapo kwa kiasi cha maana.

Lanthanidi (familia ya metali ambayo samariamu imo) karibu zote hutulia kwenye hali ya oksidisho +3. Yuropiamu huivumilia +2 kwa kuwa hubaki na elektroni 7 za 4f (tabaka dogo la ndani la atomu), nusu kamili. Iterbiamu hubaki nazo 14, zimejaa. Samariamu(II) ina 6, haina kinga hiyo, hivyo huitoa elektroni yake upesi, iwe kwa ketoni (kiwanja cha kaboni) mnayoikusudia au kwa oksijeni iliyopenya kwenye kizibo.

Rangi ya bluu iliyokoza isiwadanganye. Ni kali kiasi kwamba chupa iliyopoteza theluthi ya nguvu bado inaonekana nzima. Njano huja mwishoni kabisa. Ili kuipima nguvu, yeyusheni mg 127 za iodini katika mL 10 za THF kavu, chukueni mL 1 chini ya agoni (gesi isiyoingiliana na kemikali), kisha dondosheeni SmI₂ hadi bluu ibaki. Myeyusho usioharibika utahitaji mL 1. Ukihitaji mL 1.4, mnacho 0.07 M tu. Pimeni siku hiyohiyo ya kazi.

Chagueni chupa yenye vipande vya samariamu chini, maana hurudisha sehemu ya Sm(III), yaani samariamu iliyokwisha kutoa elektroni yake, kuwa Sm(II). Kabla ya kuvuta, ingizeni agoni ya ujazo uleule. Mkivuta bila hivyo, hewa itafyonzwa kupitia tundu la sindano, na hapo ndipo chupa nyingi huharibikia.

Kasoro kubwa ni ujazo. Molekuli moja hutoa elektroni moja, na ketoni kuwa alkoholi hudai mbili: mmol 1 ya ketoni inakula mL 20, chupa ya mL 100 inaishia mmol 5. Kwa kazi kubwa, tengenezeni wenyewe: kwa kila mL 10 za THF kavu, g 0.2 za samariamu, mg 254 za iodini, agoni, na kukoroga kwa saa kadhaa hadi bluu itokee.

Ketoni ikigoma, ongezeni maji yaliyoondolewa oksijeni. Rangi itageuka nyekundu ya zabibu na nguvu itapanda. HMPA (heksamethilifosforamidi, kiyeyushi cha kuongezea) nayo huongeza nguvu, lakini inashukiwa kusababisha saratani, basi maji yajaribiwe kwanza.