Podikasti ya ufumaji: urekodi nyumbani au ukodi studio?

Kwa gharama, nyumbani kunashinda mara tu ukishanunua maikrofoni. Chagua ya dainamiki, si kondensa: kondensa hunasa hata honi ya matatu iliyo barabara ya pili. Iweke shubiri moja kutoka mdomoni, kaa ukitazama kabati la nguo lililo wazi ili nguo zimeze mwangwi, na kilele cha sauti kwenye kipimo cha kurekodi kisipite desibeli -12. Kwanza rekodi sekunde kumi za ukimya; Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, huzitumia kutambua mvumo na kuupunguza. Faili la WAV (sauti isiyobanwa) la mono, yaani chaneli moja, hula takriban MB 5 kwa dakika, kwa hiyo futa picha za zamani mapema upate nafasi.

Kuhusu uhakika, studio iko mbele. Mvua ikipiga mabati hakuna programu itakayokuokoa, na watoto hawalali kwa ratiba yako. Ila studio hulipiwa kwa saa, na foleni ya Thika Road, Nairobi, inaweza kula nusu ya muda uliolipia. Fika na vipindi vitatu vilivyoandikwa, uvirekodi mfululizo. Beba flashi yako, na usikilize dakika moja kabla ya kutoka.

Utunzaji wa vifaa? Studio haidai chochote kwako. Nyumbani ni kebo tu, hasa pale inapopindwa.

Mwenye saa moja tulivu baada ya saa nne usiku abaki nyumbani. Anayeishi chumba kimoja na familia, au mwenye wageni wa kuhoji, akodi Jumamosi moja kwa mwezi.